Nywele zikinyonyoka, uliza damu kabla ya kununua vidonge

Msomaji, hebu anza na chanuo lako. Asubuhi ya leo ulipochana nywele, ziliponasa kwenye meno yake zilikuwa ngapi? Kama ni chache, endelea na shughuli zako. Lakini kama ni fundo zima, na mto wa kulalia nao umejaa, basi makala ya leo yanakuhusu wewe.

Hayo ndiyo yaliyonifika mimi mwenyewe nikiishi Ukunda, miezi minne hivi baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Nywele zilikuwa zikitoka kwa mafundo, hasa mbele na ubavuni. Kwa kuwa natoka nje nikiwa nimejitanda, hakuna aliyejua ila wa nyumbani, na hao kila mmoja alikuwa na dawa yake. Jirani alileta mafuta ya nyonyo. Shangazi alisema ni jicho la watu. Muuzaji wa duka moja la dawa, ambalo sitalitaja jina, hakuniuliza swali hata moja. Alinipa chupa ya vidonge vya bayotini na kuniambia kwamba hivyo ndivyo "vitamini ya nywele". Bei yake ingetosha kitoweo cha samaki wiki nzima.

Nilimeza miezi miwili. Nywele ziliendelea kutoka, nami niliendelea kuchoka. Nikipanda ngazi moyo ulinidunda kama niliyekimbizwa. Nilikuwa pia na uchu wa ajabu wa kutafuna udongo, jambo nililolionea haya na kulificha. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto, siku nilipompeleka mtoto chanjo, aliyenifunua ukope, akautazama ulivyo mweupe, akaniambia nikapimwe damu siku hiyo hiyo. Ilikuwa gramu 8.6 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani huhesabu chochote chini ya 12 kuwa upungufu wa damu.

Kwa muda wote ule nilikuwa nikitibu kichwa, na ugonjwa uko kwenye damu.

NYWELE HUFA LEO KWA KOSA LA JUZI

Ili uelewe, yafaa kwanza ujue nywele zinavyoishi. Kichwa cha mtu mzima kina nyuzi zipatazo 100,000. Kila unywele huota katika kinyweleo chake, hukua kwa miaka 2 hadi 6, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kisha husimama na kupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mapumziko yakiisha huanguka, na mwingine huchipuka pale pale. Ndiyo maana kupoteza nyuzi 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Tatizo huja pale mwili unapopata mshtuko. Inaweza kuwa homa kali ya malaria, upasuaji, kujifungua, msiba, au kujinyima chakula ili kupunguza unene. Vinyweleo vingi huacha kazi kwa pamoja na kuingia mapumzikoni. Hapo huoni kitu. Baada ya miezi miwili au mitatu nywele zote hizo huanguka kwa mkupuo, na wewe unaanza kulaumu shampuu uliyonunua wiki iliyopita.

Kwa hiyo, ukiona nywele zinatoka kwa wingi, hesabu nyuma miezi mitatu. Jiulize ulikuwa na nini wakati ule. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kwa mama aliyejifungua, umwagikaji huu ni wa kawaida na kwa wengi hukoma wenyewe kabla ya mtoto kutimiza mwaka. Baadhi ya nywele zangu zingeanguka hata kama damu ingekuwa nzima. Lakini uchovu ule, moyo ule kudunda na uchu ule wa udongo havikuwa sehemu ya uzazi wa kawaida. Hizo zilikuwa dalili za ukosefu wa madini ya chuma, na nywele zilikuwa zimetangulia kuleta habari.

MWILI UNAPOPUNGUKIWA, NYWELE HUKATIWA MGAO KWANZA

Angalia nyumba ambayo mshahara umechelewa. Kodi italipwa, unga utanunuliwa, mtoto atapelekwa hospitali. Nguo mpya zitasubiri. Mwili nao hupanga hivyo hivyo. Chuma kikipungua, moyo, ubongo na misuli hupewa mgao wao, nazo nywele husubiri, kwa kuwa mtu haishi kwa nywele. Lakini kinyweleo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye seli zinazogawanyika kwa kasi kubwa. Kinahitaji chuma, protini, zinki na vitamini kadha wa kadha, na kikikosa hivyo husimama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watoto. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliwaona watoto wenye miguu na matumbo yaliyofura, ngozi inayobambuka na nywele nyepesi zilizogeuka rangi kuwa nyekundu. Mwaka wa 1935 alilitangazia jarida la kitabibu la Lancet jina ambalo akina mama wa Kiga waliuita ugonjwa huo: kwashakoo. Hadi leo, mtoto mwenye kwashakoo hung'oka nywele kwa kuguswa tu. Akiwa anapata chakula bora kwa msimu na kukikosa msimu unaofuata, unywele wake huweza kuwa na mistari, mahali pekundu, mahali peusi, kama bendera. Mtu anaweza kusoma ndani yake miezi ya njaa na miezi ya shibe.

Kwa hiyo ukiwa Kinango wakati wa kiangazi, ukaona kichwa cha mtoto kimekuwa chepesi na chekundu na miguu yake imevimba, usiseme ni jua. Mpeleke zahanati.

Vitamini C nayo ina kisa chake hapa pwani. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mabaharia wake wengi walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Fizi hutoa damu, vidonda havifungi, na hata vinyweleo vya mwilini hujipindapinda kama parafujo. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa walipona, na mwandishi wa safari ile akaisifu hewa nzuri ya mji. Sisi tunajua leo kwamba sifa zilistahili machungwa.

Na bayotini niliyouziwa? Ni kweli kwamba ni vitamini mojawapo ya kundi B, na kwamba ilipewa herufi H kutokana na maneno ya Kijerumani ya ngozi na nywele. Ni kweli pia kwamba mtu akiikosa nywele humtoka. Lakini kuikosa ni nadra sana. Imo ndani ya mayai, njugu, maini na maharagwe. Mmoja wa wachache wanaoipungukiwa ni mtu anayekunywa mayai mabichi kila siku kwa muda mrefu, kwa kuwa ute mweupe wa yai bichi huishika bayotini na kuizuia isiingie mwilini. Yai lililopikwa halina neno. Mtu asiye na upungufu huo akimeza bayotini, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba nywele zake zitarudi.

MNYONYA DAMU ALIYE CHINI YA MCHANGA

Sasa tuje kwetu Kwale. Mwanamke wa kawaida hupoteza chuma kila mwezi kwa hedhi, na kila mimba humchukulia kingine. Lakini katika pwani hii kuna mdai mwingine, naye hupiga hodi kwa miguu.

Wazee wetu walimpa jina: safura. Ni minyoo midogo, isiyozidi sentimita moja na kidogo kwa urefu. Mayai yake hutoka na choo, huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na mchanga wenye kivuli, kisha viluwiluwi vyake hutoboa ngozi ya mguu ulio peku. Vikifika utumboni hukua, hujishikiza kwa meno na kufyonza damu. Mnyoo mmoja hunyonya kiasi kidogo mno usichoweza kukiona. Mia moja au mia mbili, kwa miaka, wanatosha kumwacha mtu mweupe wa macho na mwepesi wa nywele.

Si maneno ya kutishana haya. Utafiti mkubwa ulioitwa TUMIKIA ulifanywa katika Kaunti ya Kwale, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2019. Vijiji na mitaa viligawanywa katika maeneo 120. Kwingine dawa ya minyoo ilipewa watoto wa shule tu, mara moja kwa mwaka. Kwingine ilipewa watu wote, nyumba kwa nyumba, mara moja au mara mbili kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, pale walipotibiwa watoto peke yao, wenye safura walipungua kutoka 18.6 hadi 13.8 katika kila watu 100. Pale walipotibiwa wote mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka 20.6 hadi 6.2.

Maana yake, msomaji, ni kwamba wewe baba na wewe mama mnaosema minyoo ni mambo ya watoto, mnaweza kuwa ndio mnaoirejesha nyumbani. Dawa yake ya kawaida, albendazole, ni rahisi kupatikana. Mama mwenye mimba change asiimeze katika miezi mitatu ya mwanzo, na baadaye ameze kwa ushauri wa kliniki.

Ongeza malaria, ambayo huvunja chembe za damu, na kichocho, ambacho Msambweni inakifahamu kwa miaka mingi na ambacho humwaga damu kwenye mkojo. Utaona kwa nini mtu wa huku akinyonyoka nywele ni vyema aulizwe habari za damu kabla ya habari za mafuta.

SAHANI YA PWANI NA KIKOMBE CHA CHAI

Dawa nyingine iko jikoni. Chuma kinachoingia mwilini kwa wepesi zaidi ni cha nyama, maini na samaki. Kilicho kwenye mboga na nafaka huingia kwa shida. Usinielewe vibaya, mboga zetu ni nzuri mno: mchicha, kisamvu, majani ya kunde, na ule mtsunga mchungu unaopendwa na wenyeji wa Kwale. Mbaazi, kunde, pojo na maharagwe vina chuma na protini pamoja. Dagaa, ambao wengi huwadharau, wana protini, chuma na zinki kwa bei ya chini, nao huliwa wazima wazima, kichwa na mifupa.

Siri ni namna ya kuvila. Vitamini C husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Kamulia ndimu kwenye mchicha ukishaupakua, au maliza mlo kwa embe, chungwa au papai. Mwaka mzima Kwale haikosi tunda mojawapo la hayo.

Chai nayo hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula chaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Nasi hapa pwani chai hatuiachi, ya rangi au ya maziwa, na mahamri na mbaazi asubuhi, na muhogo jioni. Sisemi uache chai. Kula kwanza, ngoja saa moja hivi, kisha unywe. Na mtoto mdogo asipewe chai ya rangi badala ya uji au maziwa.

Unga nao uutazame. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe chuma, zinki na vitamini. Unga unaosagiwa kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Kama sima yako yote yatoka huko, dagaa na kunde ndivyo vitakavyokufaa.

VITAMINI NYINGI MNO NAZO HUNYONYOA

Wengi hudhani vitamini hazina madhara, kwamba zikizidi zitatoka tu. Si zote. Vitamini A ikizidi mwilini kwa muda mrefu hunyonyoa nywele zile zile ulizotaka kuziokoa, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Madini ya seleni nayo ni hivyo. Mwaka wa 2008 nchini Marekani, kinywaji kimoja cha vitamini kilitengenezwa kimakosa kikiwa na seleni mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko. Watu 201 waliugua, na wengi wao walipoteza nywele na kucha zao ziliharibika. Walikuwa wamenunua afya kwa pesa zao.

Bayotini haina sumu ya namna hiyo, lakini hudanganya maabara. Mwaka wa 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dozi kubwa za bayotini huvuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vile vya kutambua mshtuko wa moyo. Ukimeza vidonge hivyo, mwambie daktari kabla hajakutoa damu.

Hata vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha. Visiwekwe karibu na watoto, kwani mtoto mdogo akivimeza vingi vyaweza kumuua.

SI KILA KIPARA NI CHAKULA

Haki ya msomaji ni kuambiwa pia pale ambapo damu na chakula havina lawama. Mwanamume anayeanza kuota uwaraza kuanzia kipaji na utosini, kama babake na babu yake, ana urithi na homoni zake. Mchicha hautamrudishia.

Kwa akina dada, wale wanaosuka rasta nzito za kuvutwa hadi macho yanainuka, nywele zao hukatika kwanza pembeni mwa uso. Hapo dawa ni kulegeza msuko mapema, kabla kinyweleo hakijafa na kuacha kovu. Dawa kali za kulainisha nywele nazo huunguza.

Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yenye magamba na mwasho ana mapunye. Huo ni ukungu, huambukiza, na huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali, kwani ya kupaka pekee haitoshi. Baka laini lisilo na magamba wala mwasho ni maradhi mengine, ambayo daktari wa ngozi huyajua.

Na mafuta ya nazi? Yapake, hayana kosa. Huukinga unywele usikatike na huupa ung'avu. Lakini unywele uliokwisha toka nje ya ngozi hauli kitu. Unaokula ni ule mzizi ulio ndani, nao hulishwa na damu peke yake.

UFANYE NINI JUMATATU

Kwanza, hesabu nyuma miezi mitatu, kama nilivyosema, na ukumbuke homa, uzazi au kujinyima chakula.

Pili, nenda ukapimwe kiwango cha damu. Zahanati nyingi hukipima. Kama kuna haja ya kupima akiba ya chuma, iitwayo feritini, au tezi ya shingo, au choo kwa ajili ya minyoo, utaelekezwa hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Msambweni. Akiba ya chuma yaweza kwisha kabla kiwango cha damu hakijashuka, kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa kipimo cha kwanza ni kizuri na bado huna nguvu.

Tatu, ukipewa vidonge vya chuma, vimalize. Vitakufanya upate choo cheusi, na huenda vikakuchafua moyo. Hilo lisikutishe. Wengi huviacha katika wiki ya pili, hasa wajawazito wanaopewa vya chuma na asidi ya foliki kwenye kliniki, wakavificha chini ya godoro. Mama mjamzito asiye na damu ya kutosha, akitokwa na damu siku ya kujifungua, hana akiba ya kumwokoa. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko nywele zote za dunia.

Nne, vaeni viatu, mjenge choo na mkitumie, na mmeze dawa ya minyoo nyumba nzima mnapoelekezwa na wahudumu wa afya.

Tano, kuweni na subira. Mimi nilimeza vidonge vya chuma kwa miezi kadhaa hata baada ya damu kupanda, ili akiba ijae. Uchu wa udongo ndio uliotoweka kwanza, kisha uchovu. Nywele zilichukua karibu nusu mwaka. Zilianza na vinywele vifupi vilivyosimama mbele ya kipaji kama nyasi baada ya mvua za masika, nami nikavichukia kwa kuwa havikulala hata kwa mafuta.

Ile chupa ya bayotini bado ninayo, imebaki robo. Sikuitupa. Nimeiweka kwenye dirisha la jikoni karibu na ndimu, ili kila nikitaka kununua kitu kwa haraka nikumbuke swali ambalo hakuna aliyeniuliza dukani siku ile: mama, damu yako iko vipi?

Nawe, msomaji, muulize mama, dada au mke aliye nyumbani kwako. Huenda anaficha fundo la nywele chini ya mto, na hajui kwamba ni barua.